Maji ya Kisima Yanapokataa Sabuni

Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, iwe Makunduchi au Diani, hutoa maji maangavu ambayo ukiyatazama kwenye glasi huoni kasoro. Kasoro utaikuta kwenye beseni. Unasugua kipande cha sabuni mpaka kinakonda, povu halitoki, na juu ya maji unaelea utando wa kijivu ambao baadaye unaganda kwenye kanga. Hayo ndiyo maji magumu. Swali ninaloulizwa kila mara ni “tuweke dawa gani?”, na jibu langu huwaudhi wengi: tujue kwanza ugumu wenyewe ni wa namna gani. Ziko namna mbili, na fedha nyingi hupotea kwa kuitibu moja kwa dawa ya nyingine.

Mvua inapopita hewani, na zaidi inapozama kwenye udongo wenye majani yaliyooza, huchukua hewa ya ukaa na kuwa tindikali hafifu mno. Tindikali hiyo ikifika kwenye mwamba wa chokaa hulila jiwe polepole na kuondoka na kalsiamu, pengine na magnesiamu pia. Mwenye kisima cha pwani basi anakunywa, kwa kiasi kidogo sana, jiwe la aina ileile lililojengea nyumba za Mji Mkongwe. Maabara hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja: chini ya 60 maji huitwa laini, kuanzia 120 hadi 180 ni magumu, na yakizidi 180 ni magumu sana.

Kuhusu afya sina mengi ya kusema. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Anayeumia hapa ni mfuko, kwa sabuni na umeme.

Kujua ugumu wa maji yako hakuhitaji maabara. Kwaruza sabuni ya mche kidogo, iyeyushe kwenye maji ya mvua, kisha andaa chupa tatu zenye maji ya kiasi sawa. Ya kwanza tia maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima yaliyochemka dakika kumi, yakapoa, ukamimina ya juu tu. Dondosha maji ya sabuni tone kwa tone, ukitikisa, uhesabu matone mpaka povu likae dakika nzima bila kuzima. Usitumie sabuni ya unga, kwa kuwa hiyo imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya.

Chupa ya tatu ikitaka matone machache kama ya mvua, ugumu wako ni wa muda, unaondoka kwa moto. Ikitaka mengi kama ya pili, ni ugumu wa kudumu. Ikiangukia katikati, na ndivyo inavyotokea mara nyingi, unazo namna zote mbili.

Ule wa muda unatokana na kalsiamu iliyoshikana na hewa ya ukaa. Ukichemsha, hewa inatoroka na chokaa inarudi kuwa jiwe. Magamba meupe ndani ya birika la umeme si uchafu wa kampuni ya maji wala dawa iliyowekwa na mtu. Ni ugumu uliokwisha kutoka majini, ila sasa umelala juu ya koili, na moto unachelewa kufika kwenye maji. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikapashwa na kuachwa saa moja, itayala magamba hayo. Utasikia yakichemka kwa sauti ndogo. Ndimu inafaa pia, na kwa sufuria ya chuma cha pua ukwaju unatosha. Angalizo moja tu: siki, ndimu au tindikali nyingine yoyote isikutane kamwe na jiki, maana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kama tindikali inavyoyala magamba, ndivyo ule utando unaotanda juu ya chai ya rangi hutoweka kwa tone la ndimu.

Ugumu wa kudumu haujali moto. Ukichemsha sana unauzidisha, kwa kuwa maji yanapungua na madini yanabaki. Kwa kufulia, dawa yake iko sokoni miaka yote: magadi. Koroga kijiko cha chai kimoja au viwili kwenye ndoo ya lita 20, acha chokaa itulie chini, mimina maji ya juu, ndipo utie sabuni. Usiyatumie kwa hariri wala sufu, na usiyaweke kwenye sufuria ya alumini. Jikoni ni habari nyingine. Magadi hulainisha maharage kwa kuwa hunyang'anya kalsiamu inayokaza ganda, lakini huharibu vitamini B1, na magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floraidi nyingi. Kuloweka maharage usiku kucha kwenye maji ya mvua ni njia salama zaidi.

Sasa tatizo la tatu, ambalo si ugumu bali huja nao. Ukisukuma pampu kupita kiasi karibu na pwani, bahari hupanda ndani ya kisima. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 1,300 za magnesiamu, kwa hiyo kisima kilichoanza kuonja chumvi kinaongezeka pia ugumu wa kudumu. Hapa wauzaji hukimbilia mashine ya kulainisha maji, yenye punje zinazoshika kalsiamu na kutoa sodiamu badala yake. Mashine hiyo inafanya kazi yake, ila chumvi haiitoi. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu, jambo la kufikiriwa kwa mwenye presha. Shabu, vidonge vya klorini na chujio la mshumaa vina kazi zao, lakini ugumu haviugusi. Kwa kisima chenye chumvi, pumzisha pampu kwanza. Fedha za mashine, ukiwa nazo, zipeleke kwenye mifereji ya paa na tangi. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, kisha ukinge. Hayo ndiyo maji ya kutia kwenye pasi ya mvuke na rejeta ya gari, na ya kusuuzia nywele.