Je, Wajua? Mwimbaji Mmoja, Sauti Nne

Je, wajua kuwa jina la mwimbaji Patti Page lilitokana na maziwa? Alizaliwa Clara Ann Fowler mwaka 1927 huko Oklahoma, Marekani. Kampuni ya maziwa ya Page ndiyo iliyodhamini kipindi chake cha redio mjini Tulsa. Alipohitajika mtu wa kumwitikia katika wimbo "Confess", alijiitikia mwenyewe: sauti ya kwanza ilirekodiwa, ikapigwa tena, naye akaimba juu yake. Baadaye akafikisha sauti nne, zote zake, zikipandana bila kugongana. Na hiyo ni enzi isiyo na kompyuta studioni! Rekodi yake ya wimbo "Tennessee Waltz" ya 1950 iliuzwa kwa mamilioni. Tuzo yake ya kwanza ya muziki ya Grammy ilimfikia 1999, akiwa na miaka 71.