Kitufe Kimoja Hakipimi Akili

"Daktari, ni kitufe kimoja tu. Kama hawezi kubonyeza hata hicho, si basi kichwani hamna kitu?"

Hapa Nairobi swali hili naulizwa Kibera, naulizwa Kawangware, na siku hizi naulizwa hata na walimu waliosomea elimu maalum. Mzazi huuliza kwa uchungu, mwalimu huuliza kama mtu aliyekwisha kukata kauli. Mambo huwa ni yale yale. Mfadhili ameleta tableti na swichi kubwa nyekundu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo amewekwa mbele yake. Mwanga umepita juu ya picha moja baada ya nyingine, naye amebonyeza ukiwa umeshapita, au hakubonyeza kabisa. Baada ya nusu saa watu wazima wanatazamana, swichi inarudishwa kwenye boksi, na mtoto anarudishwa nyumbani akiwa na hukumu mpya juu ya zile za zamani: amepimwa, ameshindwa.

Hakupimwa. Kilichopimwa ni mipangilio aliyoiacha mtengenezaji wa programu, ambaye hakumjua mtoto huyu, kiti chake wala lugha yake. Nimechoka kuona watoto wakilipia mipangilio mibaya kwa jina la akili zao.

Imani ninayotaka kuing'oa ni hii: kwamba kuandika kwa swichi moja ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa hiyo anayeshindwa nayo hakuna kitakachomfaa. Watu wanahesabu vitufe. Kibodi ina vitufe vingi, basi ni ngumu. Swichi ni moja, basi ni rahisi. Mambo ni kinyume kabisa. Anayegusa herufi kwa kidole huchagua mwenyewe lini aguse, na akitaka kufikiri, hufikiri. Mwenye swichi moja hana uhuru huo, kwa sababu saa iko mikononi mwa mashine: mwanga hupita safu kwa safu, kisha herufi kwa herufi ndani ya safu, naye hubonyeza ukifika anapotaka. Lazima ajue anachotaka na akumbuke kiko safu ya ngapi. Lazima atulie bila kubonyeza huku mwanga ukipita juu ya vitu asivyovitaka. Lazima aanze kuutuma mkono kabla mwanga haujafika, mkono ufike mwanga ukiwa bado pale, kisha auondoe kabla mashine haijahesabu mbonyezo wa pili. Hapo amepata safu tu, na herufi yenyewe bado. Akikosa, husubiri mzunguko mzima na kuanza upya. Ni kudandia matatu ya 46 ambayo haisimami kituo chochote, na tunayemlaumu kwa kuikosa ni mtu ambaye ubongo wake uliumia sehemu zile zile zinazoratibu misuli.

Tazameni mwili kabla hamjaitaja akili. Kuna watoto, wakiwemo wengi walioumia ubongo kwa manjano kali siku za kwanza za maisha, ambao viungo vyao hujinyonganyonga bila hiari. Kwa watoto hawa, kadiri wanavyokitaka kitu ndivyo mwili unavyokakamaa. Mwanga ukikaribia picha anayoipenda, mgongo unajipinda na mkono unaruka pembeni. Aliyesimama nyuma anaona mtoto anayeikwepa swichi. Mimi naona mtoto aliyejua kinachokuja, akakitaka, na mwili ukamsaliti. Mnapomwambia "jaribu, jaribu, bonyeza sasa!" mnaongeza mkazo ule ule unaomzuia.

Kuna pia mwitiko wa shingo ambao watoto wachanga wote huwa nao kisha hupotea, lakini kwa wengi wenye mtindio wa ubongo hubaki. Kichwa kikigeuka kulia, mkono wa kulia hunyooka na wa kushoto hujikunja. Sasa weka skrini kulia na swichi karibu na kifua upande huo huo. Akitazama skrini, mkono unatoka nje ya swichi. Akiurudisha mkono, macho yanatoka kwenye skrini. Unaweza kukaa naye mwaka mzima na hatabonyeza vizuri hata mara moja, ilhali kuihamisha skrini katikati, au kuipeleka swichi gotini au shavuni, kungemaliza tatizo asubuhi ile ile.

Na macho je? Mtoto anaweza kuwa na macho mazima huku ubongo wake hausomi vizuri kile yanachokiona. Kimstari chembamba cha manjano kinachoruka juu ya picha ishirini, jua likimulika kioo kutoka mlangoni kwa sababu chumba cha mabati hakina dirisha, huenda kwake hakipo kabisa. Mtoto kama huyu anahitaji sauti. Mashine imtajie kila chaguo taratibu sikioni, naye abonyeze akilisikia lake. Programu nyingi zinaweza kufanya hivyo, na karibu kila mara nakuta sehemu hiyo imezimwa.

Wakiishiwa na hoja ya akili, watu hukimbilia dawa moja: "Basi mpunguzieni kasi." Kasi inapunguzwa hadi sekunde tano kwa kila hatua, na wote wanaona wamemtendea mtoto wema. Hebu tuhesabu. Kwenye ubao wa safu tano, herufi ya nne katika safu ya nne ni hatua nane. Kwa sekunde tano ni sekunde arobaini kwa herufi moja, kama hakukosa. Neno la herufi tano kama hizo litakula zaidi ya dakika tatu, na hakuna mtu mzima atakayekaa kulisubiri. Mtoto mwenyewe atakuwa amechoka kushikilia kichwa, amesahau alichokuwa akisema, au mkazo wa kungoja umemfanya abonyeze mapema. Mwendo wa polepole kupita kiasi huharibu sawasawa na mwendo wa haraka.

Kasi haikisiwi, hupimwa. Watafiti wa Marekani Richard Simpson, Heidi Koester na Ed LoPresti walichapisha mwaka 2007 kanuni ambayo fundi yeyote wa simu anaweza kuitumia: pima muda anaochukua mtu kubonyeza tangu aone ishara, rudia mara kadhaa upate wastani, kisha gawanya kwa 0.65. Anayebonyeza kwa sekunde 1.3 awekewe sekunde 2. Anayehitaji 2.6 awekewe 4. Saa ya simu inatosha. Pima asubuhi na pima tena jioni akiwa amechoka, maana si mtu yule yule.

Jambo jingine ambalo halisemwi ni Kiswahili chenyewe. Kibodi ya simu ilipangwa kwa ajili ya watu wa taipureta na Kiingereza, na kwa vidole kumi haidhuru kitu. Kwa swichi moja inadhuru kila neno. Chukua neno "maji", hesabu herufi tu, safu kwanza kisha nafasi ndani ya safu. M iko safu ya tatu nafasi ya saba, hatua kumi. A ni hatua tatu, J tisa, I tisa. Jumla 31. Sasa panga ubao wako mwenyewe: safu ya kwanza A, I, N, U, K, ya pili E, M, W, O, H, ya tatu L, S, T, Y, Z, ya nne J, B, D, G, R, ya tano F, P, V, C. Q na X toa, hazina kazi kwetu. "Maji" sasa ni hatua 14. Kwa sekunde mbili kila hatua, umemwondolea mtoto zaidi ya nusu dakika kwa neno moja la kuomba kinywaji, na hukununua chochote. Picha nazo vivyo hivyo. Ubao uliokuja na pitsa na theluji ufutwe, iwekwe uji, chapati, choo, "nigeuze", "naumwa", majina ya ndugu zake, na Sheng au Kinubi kama ndiyo lugha ya nyumbani.

Na wale wanaoona swichi imeshindwa, wakawashauri akina mama wampeleke mtoto kukatwa kilimi ili aseme, acheni. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyesema, mara nyingi hasemi kwa sababu ubongo hauwezi kuuongoza ulimi, midomo, koo na pumzi kwa pamoja. Kumkata hakuugusi ubongo. Kunamwachia kidonda mdomoni, damu na hatari ya maambukizi, mtoto ambaye kumeza tayari ni shida.

Anayetaka kujua kama mtoto anaelewa, aiondoe mashine kwanza, yeye mwenyewe awe ndiye anayepitisha chaguo. Kaa usawa wa macho yake, taja chaguo moja moja bila haraka, na umpe ishara ya ndiyo ambayo mwili wake tayari unaiweza: kutazama juu, kutoa ulimi, kufumba macho. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, mhariri aliyepooza mwili mzima kwa kiharusi mwaka 1995, aliandika kitabu kizima kwa kope ya jicho la kushoto huku msaidizi akimsomea herufi, zilizopangwa kuanzia zile zinazotumika sana katika Kifaransa. Hakuna aliyemwambia athibitishe kwanza kwamba anaweza swichi. Huku kwetu, nyanya wa Gatina aliyemlea mjukuu wake tangu kuzaliwa mara nyingi anaifahamu "ndiyo" yake kuliko ripoti yoyote, ila hakuna aliyemuuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watu wasioona wa Kibera ulionyesha kuwa simu zao hufanya kazi pamoja na watu wanaowazunguka, jamaa na marafiki. Kwa mwenye swichi hali ni hiyo hiyo, kwa hiyo mfundisheni na dada yake, si mtoto peke yake.

Sasa ya kufanya. Kiti kwanza: nyonga zimerudi nyuma kabisa, miguu imekanyaga, kichwa kina pa kuegemea. APDK, chama cha walemavu wa viungo kilichoanza mwaka 1958, kinashughulika na viti hivi. Pasipo na kiti, vipo vinavyotengenezwa kwa katoni na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ufundi uliotoka Zimbabwe, na vinabeba mtoto vizuri. Kisha tafuta kiungo kimoja chenye mwendo mdogo anaoweza kuurudia na kuuachia bila mwili mzima kuruka. Usianze na mkono kwa mazoea. Jaribu kichwa, goti, mguu, shavu. Stephen Hawking aliacha swichi ya mkono vidole vilipodhoofika, akatumia msuli wa shavu.

Swichi haihitaji kutoka ng'ambo kwa maelfu ya shilingi. Simu ya Android ina huduma ya swichi katika sehemu ya ufikivu, na hukubali hata kitufe cha sauti cha simu yenyewe. Katika matoleo ya karibuni, kamera inaweza kusoma tabasamu, nyusi zilizoinuliwa au mdomo uliofunguliwa kama mbonyezo. iPhone nazo zina huduma yao tangu 2013. Fundi wa simu wa soko la Toi au wa stejini Kawangware anaweza kufungua kibodi kuukuu ya USB, akachomelea nyaya mbili kwenye mguso wa kitufe kimoja, akazipeleka kwenye kitufe cha kengele ya mlango, na ukaiunganisha na simu kwa kebo ya OTG. Mwenye printa ya 3D achukue michoro ya bure ya Makers Making Change ya Kanada. Ubao wa picha wa bure upo: Cboard au AsTeRICS Grid.

Mipangilio, haraka haraka. Anayebonyeza mara mbilimbili bila kutaka, washa sehemu ya kupuuza mibonyezo ya kurudiwa. Anayegusa swichi kwa bahati mbaya, ongeza muda wa kushikilia kidogo. Anayechelewa kuanza, ongeza muda kwenye kitu cha kwanza tu, usiguse vingine. Anayebonyeza taratibu lakini anaachia vizuri, mwanga utembee akiwa ameshikilia na usimame akiachia. Mwenye misuli inayokakamaa na kushindwa kuachia, usimpe hiyo. Anayevurugwa na saa ya mashine lakini ana nguvu, kila mbonyezo usogeze mwanga hatua moja. Mwenye viungo viwili vinavyotii, mpe swichi mbili, moja ya kusogeza na moja ya kuchagua. Mmarekani Linda Burkhart amefundisha hivyo kwa miaka mingi, na kwa watoto wanaojinyonganyonga naanzia hapo, si kwenye swichi moja. Mwenye misuli inayodhoofika mwaka hadi mwaka, mwachie mwanga unaojiendesha, maana kila mbonyezo unamgharimu. Anza na chaguo nne za maana, ongeza wiki ijayo.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha na haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Andikisheni mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ombeni kifaa kwa maandishi, na ombeni kiti pamoja na swichi katika barua moja, kwa sababu swichi bila kiti ni kurudi pale pale kwenye boksi. Ubao wa karatasi wenye herufi zile zile na mpangilio ule ule uwe karibu kila wakati, kwa siku stima inapopotea. Na namba zote, yaani kasi, muda wa kushikilia, mahali pa swichi, pembe ya skrini, ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya kiti, kwa sababu simu huibwa, huharibika na kubadilishwa, na anayewasha ile mpya ataanza tena na mipangilio ya kiwandani.