Neno "Raia" Darasani: Kufundisha Katiba kwa Kiswahili, Jinja na Mbale

Ibara ya 4 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haitajwi sana, ingawa inatuhusu walimu moja kwa moja. Inaitaka serikali iitafsiri Katiba katika lugha za Uganda na kuhakikisha inafundishwa katika taasisi zote za elimu. Marekebisho ya mwaka 2005 nayo yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria.

Kazi hiyo tumeianza kwa neno moja: raia. Wanafunzi wanaotoka Jinja hulijua kabla ya kuingia darasani, lakini kwa maana ya mtu asiye askari. Si ajabu. Mji wao ni wa kambi (ndiko wanajeshi walikoasi Januari 1964), na kwa Waganda wengi Kiswahili kilifika kikiwa kwenye kizuizi cha barabarani. "Wewe raia!" ilikuwa kauli ya kumfukuza mtu, si ya kumtambua mwenye nchi. Hata asili yake ya Kiarabu inawahusu watu wanaochungwa, ilhali Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Basi tutumie "mwananchi"? Tumebishana sana. Tatizo ni kwamba sheria ya uraia haiendi bila raia. Mgeni aliyeandikishwa ni raia kamili hata kama hakuzaliwa nchini. Tumeamua kuyafundisha yote mawili, pamoja na historia yake.

Kwa wanafunzi wa Mbale mfano uko nyumbani. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliketi mjini humo kusikiliza mashauri ya kupinga marekebisho ya 2017 yaliyoondoa kikomo cha miaka 75 kwa mgombea urais. Tarehe 26 Julai, majaji wanne kati ya watano waliyakubali marekebisho hayo, lakini kipengele cha wabunge kujiongezea muhula kutoka miaka 5 hadi 7 kikabatilishwa. Rufaa ilishindwa Mahakama ya Juu mwaka 2019, kwa majaji wanne dhidi ya watatu.

Kila kundi huandika hoja za upande mmoja, kisha hubadilishana. Wengi hukwama penye "sheria", "amri" na "katiba", wakiyatumia kama neno moja. Hapo hatuharakishi, kipindi kizima huishia hapo.

Muhula ujao ni zamu ya Ibara ya 17, ya wajibu wa raia. Wanafunzi watauliza kwanza wazazi wao, kwa Lusoga na Lumasaba, kodi huitwaje.