Kifungashio Kinachoishia Kibanjani

Kifungashio ni kitu kinachohifadhi bidhaa tangu kwa mzalishaji hadi kwa mlaji: gunia la dagaa, kopo la kahawa, pakiti ya maziwa, chupa ya mafuta. Kibebeo ni mfuko anaopewa mteja baada ya kulipa. Sheria ya Tanzania inavitenganisha viwili hivyo, na utengano huo unaeleza mambo mengi yanayoonekana leo kwenye rafu za supamaketi za Dar es Salaam na katika maduka madogo ya Buganguzi, wilayani Muleba, mkoani Kagera.

Vibebeo vya plastiki, maarufu kama rambo, vilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia Juni 1, 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008 na Kenya Agosti 2017. Uganda, inayopakana na Kagera, imetangaza marufuku ya namna hiyo zaidi ya mara moja bila kuitekeleza kikamilifu. Kwa Tanzania Bara, kiwanda kinachokiuka kanuni kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 1, na anayekutwa na mfuko mkononi hutozwa kuanzia shilingi 30,000. Plastiki ya kufungashia dawa, vyakula vilivyosindikwa, pembejeo za kilimo na bidhaa za viwandani iliruhusiwa iendelee, kwa sababu maziwa au mbegu haziwezi kuachwa wazi. Haikuchukua muda baadhi ya wafanyabiashara wakaanza kuwapa wateja vifuko vyepesi vinavyoonyesha, vilivyokusudiwa kufungashia, wavitumie kubebea nyanya na mkate. Mwaka 2021 serikali ililazimika kutoa katazo jingine kwa ajili hiyo.

Nafasi ya rambo imechukuliwa zaidi na mfuko mbadala, ule laini unaofanana na kitambaa. Wengi huudhani ni nguo, kumbe umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Kinachoutofautisha na rambo ni unene wake. Viwango vinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ili mfuko udumu na kurudi dukani mara nyingi. Mfuko mwepesi kuliko huo huchanika mapema, na ukishachanika unabaki taka ya plastiki kama rambo lililokatazwa.

Hesabu ya jambo hili ilifanywa vizuri na wakala wa mazingira wa Uingereza katika ripoti ya 2011. Kwa kigezo cha gesi zinazoongeza joto duniani, mfuko wa karatasi unapaswa kutumika mara 3 ili ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, mfuko mbadala wa polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131. Pamba inahitaji maji, mbolea na viwanda, na karatasi inahitaji miti na nishati nyingi. Hesabu hiyo haikuangalia kinachotokea mfuko ukitupwa ovyo, na hapo ndipo Kagera inapotofautiana na London.

Nyumba ya Mhaya, mwenyeji wa Kagera, huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba lililochanganywa na kahawa na maharage. Rutuba yake hujengwa kwa mkono, miaka nenda miaka rudi: samadi, maganda ya ndizi, majivu, nyasi zilizokatwa kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi, na kutandazwa chini ya mashina. Kijijini gari la taka halipiti, kwa hiyo taka za jikoni huishia humohumo kibanjani. Karatasi ya kaki iliyofungia sukari huoza. Kipande cha nailoni hubaki, huzuia maji yasizame na mizizi isipenye, na mbuzi akikila kinaweza kumziba tumbo. Mfuko ulioandikwa kuwa unaoza haumalizi tatizo. Plastiki ya wanga wa mahindi huhitaji joto la karibu nyuzi 60 kwenye mitambo maalumu, joto ambalo udongo wa Muleba haufikii. Ile iliyotiwa dawa ya kuivunjavunja hugeuka chembe ndogo zinazobaki udongoni, na Umoja wa Ulaya umezuia bidhaa zake sokoni tangu 2021.

Mkoa huu una vifungashio vyake vya asili. Mafunjo na ukindu hutoa vikapu vinavyodumu miaka. Kahawa ya kutafuna, akamwani, hufungwa vipakiti kwa magamba makavu ya mgomba. Mwaka 2019 supamaketi ya Rimping mjini Chiang Mai, Thailand, ilianza kufunga mboga kwa majani ya mgomba badala ya plastiki, na picha zake zikaenea dunia nzima. Kwa Kagera hilo si geni, ila linahitaji uangalifu. Mnyauko bakteria wa migomba umekuwamo Muleba tangu 2006, na majani mabichi kutoka shamba lenye ugonjwa yanaweza kuupeleka shamba jingine. Jani bichi linafaa kutumika karibu na lilikokatwa.

Karatasi nayo ina kikwazo chake. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mfuko wa kaki ukilowa hupasuka njiani. Kwa safari ya mguu kutoka dukani kikapu kinaushinda, na kwa mchele au maharage ya kupima kinatosha pamoja na kitambaa cha ndani.

Utaratibu bora kuliko yote umekuwapo nchini kwa miongo mingi bila kuitwa rafiki wa mazingira: soda ya chupa ya kioo. Asiye na chupa tupu huweka amana au hunywea palepale dukani, kreti hurudi kiwandani, chupa huoshwa na kujazwa tena. Mafuta ya kula ya kupima, anayoyanunua mteja kwa chupa aliyotoka nayo nyumbani, hufuata njia hiyohiyo. Supamaketi zingeweza kuyaiga yote mawili kwa gharama ndogo, kwa pipa la mafuta lenye bomba na kaunta ya kupokea chupa. Badala yake soda na maji vimehamia kwenye chupa za plastiki zinazotumika mara moja, na chupa hizo zimefika hadi mashambani. Kanuni za 2019 haziwezi kuzizuia, kwa kuwa kisheria si vibebeo.