Neno "Jisalimisha" na Karatasi za Vita vya Mau Mau, 1953–1955

Kitenzi jisalimisha na nomino usalama ni vya asili moja. Kiambishi cha kusababisha na kile cha kujirejea humfanya mtenda awe pia mtendwa: kwa mujibu wa umbo la neno, anayejisalimisha hujitia mwenyewe katika salama. Ndiyo hoja ya karatasi zote za vita zinazomwita adui aweke silaha chini. Lakini umbo la neno haliwezi kuidhamini ahadi. Mdhamini wake ni mwenendo wa anayelitamka. Historia ya Kenya yathibitisha jambo hili.

Mwezi wa Agosti 1953 serikali ya kikoloni iliwatangazia wapiganaji wa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kwamba atakayetoka akiwa na tawi bichi mkononi atapokewa bila kudhuriwa. Ishara hiyo ilieleweka hata na asiyejua kusoma. Hata hivyo ahadi ilikuwa na mpaka: aliyetuhumiwa kuua angeshtakiwa, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kunyongwa.

Januari 1954 alikamatwa Waruhiu Itote, yaani Jenerali China. Alihukumiwa kufa, kisha akasamehewa kifo, akawaandikia wenzake barua za kuwaita kwenye mazungumzo. Mazungumzo hayo yalivunjika mwezi wa Aprili, baada ya majeshi ya serikali kupambana na wapiganaji.

Alfajiri ya tarehe 24 mwezi huo huo, operesheni iliyoitwa Anvil iliizingira Nairobi. Mitaa ya Eastlands, kama vile Bahati, Kaloleni na Pumwani, ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, kwa kuwa mjini ndiko kulikotoka fedha, dawa, silaha na habari za kupelekwa msituni. Vyeti vilikaguliwa, wachongezi waliovikwa magunia, walioitwa gakunia, waliwatambulisha watuhumiwa kwa kutikisa kichwa bila kutamka neno. Maelfu walipelekwa Lang'ata kuchujwa, na wengi wao wakaishia katika kambi za Manyani na Mackinnon Road bila kushtakiwa mahakamani.

Tarehe 18 Januari 1955 msamaha mpya ulitangazwa. Ndege zilimwaga karatasi juu ya misitu, na nyingine zilipaza sauti kwa vipaza sauti. Safari hii serikali iliahidi kutowashtaki watakaojitokeza kwa makosa ya uasi ya nyuma, ingawa wangewekwa kizuizini. Hadi mlango huo ulipofungwa Julai, waliojitokeza walikuwa takriban elfu moja tu. Dedan Kimathi hakuwa miongoni mwao. Alikamatwa Oktoba 1956.

Haifai kudai kwamba operesheni ya Nairobi peke yake ndiyo iliyozidhoofisha karatasi hizo. Kiapo na madai ya ardhi navyo viliwafunga wapiganaji. Lakini msomaji wa msituni alikuwa na jamaa zake mjini. Karatasi ilipomwahidi usalama, yeye alikuwa na tafsiri nyingine ya neno hilo, iliyotoka Bahati na Kaloleni. Kwa hiyo mchunguzi wa lugha ya propaganda hana budi kuyasoma matini pamoja na matendo ya mwenye kuyatoa.