JIWE LENYE UHAI: TUSIBOMOE NYUMBA YA SAMAKI ILI KUIPAMBA YETU

Ukimwambia mzee wa Mikindani kwamba jiwe lina uhai, huenda akatabasamu. Yeye alizoea kuliona tumbawe likitolewa baharini, likipangwa juu ya magogo katika tanuu, likachomwa hata likawa chokaa ya kupaka kuta. Lakini jiwe lile, kabla ya kuonja moto, lilikuwa mji wenye wakazi wengi.

Ndugu msomaji, ukitaka kufuga samaki wa maji ya chumvi katika tangi la kioo sebuleni, ni lazima uwafahamu wakazi hao.

Jiwe hai ni kipande cha tumbawe lililokwisha kufa, ambacho vitundu vyake vimekaliwa na mwani, sifongo, minyoo, kaa wadogo na, walio muhimu kupita wote, bakteria. Uchafu wa samaki huzaa amonia, sumu iwezayo kumwua. Bakteria walio juu ya jiwe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyodhuru sana. Ndani zaidi, mahali pasipofika oksijeni, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa naitrojeni, ikatoweka hewani. Kwa msaada wa mawe kama hayo, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alifuga samaki wa baharini pasipo mitambo mikubwa, akaieleza dunia habari hiyo mwaka 1961.

Kuchagua Jiwe

Jiwe jema ni jepesi kuliko linavyoonekana, lina vitundu tele, na hunukia bahari. Likinuka kama yai viza, ujue wakazi wake wamekufa.

Je, tulipate wapi? Hapa yafaa tutafakari. Tangu mwaka 2000, pwani ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na kung'oa matumbawe humo ni marufuku. Tumbawe nene la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Humo ndimo wanamojificha chewa na changu. Avunjaye jiwe hilo amevunja chungu cha jirani yake.

Basi tumia tumbawe la kale lichimbwalo nchi kavu kwa kujengea, lisilogusa chokaa wala saruji. Limekufa zamani, lakini vitundu vyake vingalipo, na bakteria watahamia.

Kuliandaa

Lisugue kwa brashi, lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ulianike juani. Kisha litie katika pipa la plastiki, wala si la chuma, lenye maji ya bahari. Wakati wa masika usiteke maji karibu na mdomo wa Ruvuma, kwa kuwa mto huyapunguzia chumvi. Yatakiwayo yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Weka pampu ndogo ya kuyazungusha, funika pipa ili mwani usienee, na joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi.

Tia kipande kidogo cha kamba. Kitaoza na kutoa amonia, chakula cha bakteria. Maji yakinuka mno, badilisha nusu. Yakipungua kwa jua, ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haiendi na mvuke. Ukipewa jiwe hai kutoka katika tangi la rafiki, nalo lipitie pipani, ukibandua kwanza kila kilichooza.

Kazi hii huchukua wiki nne hadi nane. Pima maji kwa dawa zake. Amonia na nitriti zikipanda, kisha zote mbili zikishuka hadi sifuri, jiwe liko tayari. Anza na samaki mmoja au wawili tu.

Wengi hushindwa hapa kwa haraka, wakaamka asubuhi na kukuta samaki wanaelea. Waketishe watoto kando ya pipa, waandike vipimo kila wiki. Watajifunza subira, na watakapofika ufukweni wataitazama miamba kwa jicho jingine.