Tangawizi Ikilala Chupani

Ramadhani ya mwaka 2025 ilituangukia mwezi wa Machi, jua la kaskazi likiwa limekaza hata mabati ya mapaa yakawa yakialika mchana kutwa. Siku moja ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu alinijia na chupa ya tangawizi, akaiweka juu ya meza asinene neno. Alikizungusha kizibo kidogo tu. Chupa ikalia kama nyoka, na povu likapanda mpaka shingoni.

"Mjomba," akaniuliza, "hii ingali tangawizi, au imekwisha kuwa jambo jingine?"

Swali halikuwa dogo. Chupa 60 za namna hiyo zilikuwa zimepangwa chumbani kwake, nazo zimetokana na sukari ya mkopo. Mtu mmoja aliyeinunua hii jana yake kwa ajili ya futari alikuwa amemrudishia, na amemwambia, kwa adabu lakini kwa sauti iliyosikika nyumba ya pili, kwamba yeye hakuja kununua tembo. Neno kama hilo, katika mitaa yetu na katika mwezi kama ule, huwahi kufika msikitini kabla ya mwenyewe.

Nikamwambia anieleze alivyoitengeneza, hatua kwa hatua. Kwa hakika tangawizi yake si ya kubeza. Huchemsha tangawizi mbichi iliyotwangwa kinuni, pamoja na sukari na kijiti cha mdalasini, akaiacha ipoe, akaichuja kwa kitambaa, akaikamulia ndimu. Kisha, ili ipate kuuma kooni kama watu wa pwani wanavyopenda, huitwanga tangawizi nyingine pamoja na ganda lake, akaikamua, na maji yake hayo mabichi akayatia mle katika maji yaliyopoa. Hapo hujaza chupa na kufunga. Hamira hatii hata chembe, na hilo aliniapia.

Basi, hamira hakutia yeye, lakini ilitiwa. Juu ya ganda la tangawizi, kama juu ya maganda ya matunda mengi, huishi vijidudu vya jamaa ya hamira, visivyoonekana kwa macho. Moto huviua. Lakini yale maji mabichi hayakupitia motoni. Yaliingia na vijidudu vyake katika maji matamu, yenye vuguvugu, ndani ya chumba cha joto la Machi. Vijidudu hivyo hula sukari, na katika kula kwao hutoa vitu viwili: hewa, ndiyo ile iliyosukuma povu, na kileo. Kimoja hakiji bila ya mwenziwe. Na chupa zile zilikuwa zimelala tangu usiku wa kuamkia Jumanne, kwa sababu alitaka awahi maagizo ya Ijumaa.

Nikamwuliza, je, hukuonja? Akaniangalia kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Mjomba, nimefunga." Naam, huo ndio mtego wa biashara ya futari: mpishi hupika asichokionja, na pua peke yake haitoshi panapokuwa na iliki.

Ama kuhusu sheria, wasomaji waliopita chuoni watakumbuka kwamba suala hili ni la kale sana. Waarabu wa Madina walikuwa wakiroweka tende au zabibu kavu katika maji ili yapate utamu, na kinywaji hicho kikiitwa nabidhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akikinywa. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha kwamba tende zilizorowekwa asubuhi alikunywa maji yake jioni, na zilizorowekwa usiku alikunywa asubuhi. Na imepokewa kwa Ibn Abbas, katika Sahihi ya Muslim, kwamba nabidhi ya zabibu aliinywa siku ile, na ya pili, mpaka jioni ya siku ya tatu. Ikibaki baada ya hapo, humwagwa. Hapana mahali paliposemwa kwamba utamu ni dhambi. Lililoangaliwa ni muda, na mabadiliko yanayokuja na muda.

Tena kuna habari ya ujumbe wa kabila la Abdul Qais, waliotoka pande za mashariki ya Bara Arabu wakaja Madina. Hao walikatazwa kuroweka vinywaji vyao katika vyombo vinne: kibuyu, mtungi wa kijani uliopakwa rangi ya kung'aa, gogo la mtende lililochongwa ndani, na chombo kilichopakwa lami. Imam Nawawi ameeleza sababu yake kwa namna ambayo mpwa wangu aliifahamu mara moja. Kiriba cha ngozi ni chepesi. Kinywaji kikichacha ndani yake, kiriba hufura na hupasuka, na mwenyewe akajua. Lakini kibuyu ni kigumu. Huficha siri ya kilichomo mpaka mtu anywe naye hajui. Baadaye katazo la vyombo likaondolewa, likabaki katazo la kileo chenyewe katika chombo chochote kiwacho.

Nami kila nisomapo habari hiyo humkumbuka mgema wa kwetu juu ya mnazi, na chombo chake kiunoni: kibuyu kile kile! Maji ya kilele cha mnazi hutoka matamu kama sukari guru, lakini kibuyu kina masimbi ya jana, na kabla mgema hajashuka mti wa mwisho, safari ya kuelekea ulevi imekwisha anza. Yakiachwa siku kadhaa hupita ulevi na kuwa siki. Na kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, siki iliyogeuka yenyewe, bila mtu kutia kitu cha kuigeuza, ni halali. Ni ajabu kwamba kitu kimoja hutoka halali, kikapita haramu, kikarejea halali, na kazi ya mwanadamu ni kujua saa.

Chupa ya plastiki ya siku hizi, basi, ni kiriba au ni kibuyu? Mimi naiona iko katikati. Hufura, lakini kwa kuchelewa.

Mpwa wangu alikuwa na hofu nyingine: akichemsha tangawizi yote, haitauma, na iliki itapoteza harufu. Ukali, nilimwambia, autafute katika tangawizi kavu, ambayo huuma kuliko mbichi, nayo aichemshe vizuri. Ama harufu, kosa lake lilikuwa kutia iliki tangu mwanzo. Mafuta ya iliki ni mepesi. Hupanda na mvuke, na nyumba nzima ikanukia huku sufuria ikibaki na maganda. Iliki ipondwe na itiwe wakati wa kuepua, kisha kifuniko kifunikwe barabara. Maji ya waridi ndiyo yasione moto kabisa.

Jambo hili wanalijua hata wale ambao hatuna ushirika nao katika vinywaji. Wapika bia wa Ulaya na Marekani hutumia ua la mmea utambaao uitwao hopu. Wakilichemsha saa nzima hupata uchungu. Wakitaka harufu, hulitia dakika za mwisho au kinywaji kikishapoa. Iko hopu moja iitwayo Cascade, iliyotolewa kwa wakulima huko Oregon mwaka 1972, ambayo husifiwa kwa harufu kama ya ganda la balungi, nao huitunza isiungue motoni kama sisi tuitunzavyo iliki. Bia yao waachie wenyewe. Elimu ya mvuke ni ya kila mwenye sufuria.

Nyanya yangu, Mola amrehemu, hakuwa na habari za vijidudu. Yeye alikuwa akigeuza mtungi mtupu juu ya chetezo cha ubani, akaufukiza mpaka moshi ukaushika udongo, ndipo akautia maji. Na kwa maji hayo alitengeneza sharubati ya ukwaju na ya tangawizi. Alichuja baada ya adhuhuri. Kilichobaki baada ya isha alitugawia sisi watoto, na tukishiba aliita watoto wa jirani. Nilidhani ni ukarimu tu. Sasa nadhani ulikuwa ukarimu na hesabu pamoja, kwani sikupata kuona sharubati ikilala katika nyumba ile.

Mimi si mufti, nikamwambia mpwa wangu, twende kwa sheikh wa mtaa. Sheikh hakufungua kitabu. Aliuliza imelala siku ngapi, akasikiliza chupa ikifunguliwa, akanusa. Akasema kwamba kinywaji kikishafika pa kushukiwa hivi, hakiuzwi kwa mfungaji wala kwa asiyefunga, na kwamba kila chenye kulevya kwa wingi wake, uchache wake pia haujuzu. Akaongeza kwamba mwenye kumwaga mali kwa kumwogopa Mola hakupata hasara. Mpwa wangu aliitikia "inshallah", lakini machozi yalikuwa yamemlenga, maana mwenye duka la sukari yeye alitaka pesa zake Jumamosi.

Tulizimwaga mimi na yeye katika mfereji wa nyuma ya nyumba, chupa moja moja. Nyingine zilifunguka kwa kishindo. Paka wa mtaani walikimbia.

Nilimdhamini kwa mwenye duka mpaka Idi. Siku iliyofuata alianza kazi baada ya adhuhuri: alichemsha yote, akatia iliki mwisho, akapoza kwa barafu, akatengeneza chupa 25 tu, na juu ya kila moja akaandika saa kwa wino. Zilikwisha kabla ya magharibi. Yule mtu aliyemrudishia alipita siku ya tatu, akachukua chupa, akaigeuza kutazama saa, akaisikiliza alipokizungusha kizibo. Haikulia. Akanunua mbili.